Khabari za Msiba na Safari: Wajibu wa Kutaja Siku

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Miongoni mwa mambo ambayo watu huyafanya kwa wema wa moyo na kwa uchache wa ilimu ni kupasha khabari ya kifo kwa jamaa walio mbali. Mtu hufikiwa na ajali yake Tabora, au Ujiji, au njiani baina ya huko na pwani. Wenziwe humwosha, wakamkafini, wakamsalia, wakamzika, yote kama ipasavyo. Kisha huandika waraka kwa watu wake wa Bagamoyo, au Pangani, au Unguja, wakajaza ukurasa kwa salamu na pole na dua, na katika ukurasa mzima halimo neno moja la siku aliyokufa. Waraka huo umeeleza kila kitu ila kile ambacho sheria hukiuliza kwanza. Kwani khabari ya kifo si salamu. Imefungamana na eda ya mke, na mirathi ya watoto, na deni za watu, na sala ya ghaibu. Na mambo haya hayahesabiwi tangu siku waraka ulipofika, bali tangu roho ilipotoka.

Na mahali palipodhihirisha jambo hili kuliko pengine ni njia ya kale ya misafara, itokayo Bagamoyo ikapita Usagara na Mpwapwa, ikakata Ugogo kwa hongo, ikavuka nyika ya Mgunda Mkali hatta Tura, kisha Unyanyembe, ndiyo Tabora. Na kutoka hapo ikashuka Uvinza kwenda Ujiji, na waliotaka wakavuka ziwa kwenda Manyema. Watu wa nyumba moja walitawanyika juu ya njia hii kama shanga zilizokatika uzi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, alizaliwa Unguja. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikaa Ituru karibu na Tabora akaoa huko katika nyumba ya watemi. Na mwanawe Sefu alikufa bara, upande wa Manyema, mwaka 1893, na baba yu Unguja. Baba, mwana na mjukuu, kila mmoja na upande wake, na baina yao miezi ya mwendo.

Urefu wa miezi hiyo wajulikana kwa hesabu. Mwingereza Richard Burton alifika Tabora, wakati ule ikitajwa kwa jina la Kaze, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu kuondoka pwani. Baba yake alikuwa amekwisha kufa huko kwao Uingereza tarehe 6 Septemba mwaka ule ule, naye hakupata khabari ila tarehe 18 Juni 1858, alipokutana na nyaraka za pwani karibu na Tabora akirudi kutoka Ujiji. Hizo ni siku 285. Na katika msafara wake karibu kila mtu alikuta katika nyaraka zile kuwa amefiwa na ndugu au rafiki. Sasa apime mwenye akili: eda ya mke aliyefiwa ni miezi minne na siku kumi, nayo kwa mwandamo wa mwezi ni kadiri ya siku 128. Katika siku 285 zingalikwisha eda mbili kamili na siku zikabaki.

Tena hiyo ilikuwa njia iliyo wazi. Mwaka 1871, vita vilipozuka baina ya Waarabu wa Tabora na Mirambo, hatta Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, akauawa mwezi wa Agosti, njia ya Ujiji ilifungika. Mfuko wa nyaraka za Dr Livingstone, uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870 Unguja, ulikuwa ungali umelala Unyanyembe mwaka uliofuata. Stanley ndiye aliyeuchukua akaufikisha Ujiji mwezi wa Novemba 1871, umekwisha timu mwaka. Ikiwa mtu aliyekuwa akitafutwa na serikali ya kwao alingoja mwaka, je, mke wa mpagazi au wa mchuuzi wa nguo na shanga alingoja muda gani?

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na leo simu hufikisha khabari kabla maiti hajaoshwa. Huenda mtu akadhani kuwa mas'ala haya yamekwisha. Hayakwisha. Simu hupita mikononi mwa watu kumi, kila mmoja akampa mwenziwe neno lile lile, "leo amefariki fulani," na leo ya wa kwanza si leo ya wa kumi. Waraka wa zamani ulichelewa ukiwa mmoja. Khabari ya sasa haichelewi, lakini hukorogeka.

Ama kupasha khabari ya kifo kwenyewe, asili yake ni jambo jema. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwapa masahaba khabari ya kufa kwa Najashi, mfalme wa Uhabeshi, siku ile ile aliyokufa, akatoka nao mahali pa kusalia, akawapanga safu, akamsalia kwa takbira nne. Na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim kwa mapokezi ya Abu Huraira. Na katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, aliwapa watu wa Madina khabari ya Zaid, kisha Jaafar, kisha Abdallah bin Rawaha, kabla hajafika mjumbe, kila mmoja kwa zamu yake kama walivyofuatana katika kufa. Kilichokatazwa ni khabari ya kijahili: kuzunguka na kupiga kelele, kuhesabu sifa za maiti kwa kujifakhirisha, na kuomboleza. Sahaba Hudhaifa alikuwa akichelea hilo hatta akausia asitangazwe. Lakini kuwaeleza jamaa na rafiki ili wasali, waombe dua, na walipe deni zake, hilo si katika yaliyokatazwa.

Tuje kwenye eda, kwani humo ndimo watu wengi wakosamo. Aya ya 234 ya sura ya Albaqara imeweka muda wa miezi minne na siku kumi kwa mke aliyefiwa, na mwenye mimba eda yake ni kuzaa. Madhehebu ya Imamu Shafii ni kuwa muda huu waanza tangu mume alipokufa, ajue mke asijue. Imamu Nawawi katika Minhaj ameweka wazi kuwa mke akipata khabari baada ya muda kupita, eda yake imekwisha. Hana la kungoja.

Na utolewe mfano. Mume amekufa Tura mwezi 10 Mfunguo Sita, na waraka umefika Unguja mwezi 5 Rajabu. Ikiwa Mfunguo Sita ulitimu siku 30, zimebaki humo siku 20. Kisha Mfunguo Saba, Mfunguo Nane na Mfunguo Tisa kwa miandamo yake. Kisha siku 10 za Rajabu kuutimiza ule mwezi wa kwanza uliovunjika. Kisha zile siku kumi za juu. Eda yaisha mwezi 20 Rajabu. Basi kizuka huyu amebakiwa na siku 15 tu. Lakini waraka haukutaja siku, na wazee wa mtaa wamemwambia ahesabu tangu ulipofika. Atakaa edani hatta mwezi 15 Mfunguo Pili, karibu miezi minne zaidi ya aliyofaradhiwa, bila ya pambo wala manukato, asiposwa wala asiolewe. Tena ikiwa siku ya kufa kweli haijulikani kabisa, hana budi kuhesabu tangu siku anayoyakinisha kuwa mume alikuwa amekwisha kufa, na mara nyingi yakini hiyo ni ile siku ya waraka. Kwa hiyo hao wazee hawakukosa; aliyemfunga mwanamke huyu ni mtu wa Tura aliyekuwa na kalamu mkononi.

Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Huja waraka bila ya siku, jamaa wakakisia kuwa amekufa zamani, mke akaolewa. Kisha huja mtu wa pili akasema alikuwapo kwenye mauti yake, na siku aliyoitaja yaonyesha kuwa ndoa ilifungwa ndani ya eda. Ndoa hiyo ni batili, na yapasa watengwe. Yote hayo yangaliepukwa kwa mstari mmoja wa wino.

Iko na daka jingine. Siku ya sheria huanza magharibi, wala si usiku wa manane kama hesabu ya Kizungu. Aliyekufa saa tatu ya usiku baada ya mchana wa Alhamisi, kwa watu wa pwani amekufa usiku wa Ijumaa. Na mwandishi aliyezoea hesabu ya ofisi ataandika Alhamisi usiku. Wa pwani akisoma hivyo ataufahamu usiku uliotangulia, na siku nzima imepotea. Kwa hiyo asiandike "usiku wa" peke yake. Aandike "usiku wa kuamkia Ijumaa," nao hauna maana mbili. Na eda ihesabiwe kwa miezi ya mwandamo. Anayehesabu kwa Januari na Februari humzidishia mwanamke siku.

Katika mirathi, kutaja siku peke yake huenda kusitoshe. Hutakiwa na saa. Sharti ya kurithi ni mrithi awe hai alipokufa mwenye mali. Mtu wa Pangani amekufa, ameacha riale 384, mke, na watoto wawili wanaume kwa mke huyo. Mmoja yu nyumbani. Wa pili alikuwa Tabora katika biashara, naye ana mke na mtoto mmoja mwanamume. Baada ya majuma machache waja waraka kuwa yule wa Tabora naye amekufa. Nani aliyetangulia?

Ikiwa ni baba, basi mke wake ana thumni, riale 48, na watoto wawili wana 336, kila mmoja 168. Fungu la yule wa Tabora, alilolimiliki walau kwa saa moja bila ya kujua, larithiwa na watu wake: mama yake ana sudusi, riale 28, mke wake thumni, riale 21, na mtoto wake riale 119. Ikiwa ni mwana aliyetangulia, basi mke wa mzee ana 48 zile zile, na mtoto aliyeko nyumbani achukua 336 zote. Mjukuu hana kitu katika mali ya babu yake, kwani amezuiwa na ami yake. Na ikiwa haijulikani nani aliyetangulia, hukumu ya madhehebu ni kuwa hawarithiani, kama hukumu ya waliozama pamoja au walioangukiwa na nyumba. Mali ya kila mmoja yaenda kwa warithi wake walio hai. Ama ikiwa ilijulikana kisha ikasahauliwa, mali huzuiwa mpaka ibainike au warithi wasuluhiane.

Basi yatima wa Tabora amekosa riale 119, na mama yake 21, si kwa ukali wa sheria bali kwa uvivu wa mwandishi. Na ami, hatta akiwa mcha Mungu, hawezi kujua kuwa yaliyomo mkononi mwake ni mali ya mtoto wa nduguye.

Asidhani mtu kuwa siku ya kifo ni rahisi kuhifadhika hatta isihitaji kuandikwa. Livingstone alikufa kwa Chitambo mwaka 1873, naye alikuwa na watu waliomtumikia kwa uaminifu ambao mfano wake ni haba. Walimkausha, wakambeba hatta pwani. Chuma alitangulia kupeleka khabari Tabora, akafika tarehe 20 Oktoba 1873, na maiti akafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Miongoni mwao alikuwako ajuaye kuandika, Jacob Wainwright, naye alichora tarehe juu ya mti: 4 Mei. Lakini tarehe iliyoshikwa na vitabu vingi ni 1 Mei. Hao walikuwapo, tena walikuwa na kalamu, na bado zimekhitilafiana siku tatu. Itakuwaje kwa mpagazi aliyezikwa Mgunda Mkali asubuhi, na msafara ukaendelea na mwendo kabla ya adhuhuri kwa kukhofu kiu?

Baada ya siku, ushahidi. Wengi hudhani kuwa waraka uliofika ni hoja. Katika madhehebu ya Shafii maandishi peke yake si ushahidi mbele ya kadhi, kwani khati hufanana na khati, na mwenye kughushi yuko. Kadhi hagawi mali ila kwa mashahidi wawili waadilifu. Ama mke, wanavyuoni wamesema kuwa akipewa khabari na mtu mmoja mwadilifu, yajuzu kwake baina yake na Mola wake kuolewa baada ya eda. Lakini hiyo haimlazimu kadhi. Kwa hiyo mwenye kuandika awataje waliohudhuria mauti na maziko, na waraka apewe tarishi anayejulikana. Na wakipatikana wawili waliohudhuria ambao wanashuka pwani, wao ni bora kuliko nyaraka mia.

Asipopatikana shahidi wala khabari ya kweli, mtu huyo huitwa mafquud, aliyepotea. Kauli mpya ya Imamu Shafii, ndiyo itegemewayo, ni kuwa mke wake haolewi mpaka iyakinike mauti au talaka, na mali yake haigawanywi mpaka ithubutu, au upite muda ambao mfano wake haishi tena, na kadhi akahukumu. Kauli ya kale ilikuwa angoje miaka minne kisha akae eda. Njia ya Tabora iliwaacha pwani wanawake wengi wa namna hii, si wake wala si wajane. Na katika waume wao walikuwamo waliokufa mbele ya watu ishirini, ila hapana katika ishirini hao aliyeona kuwa ni wajibu wake kuleta neno.

Na deni zisisahauliwe. Biashara ya bara ilikuwa ya mkopo. Matajiri wa Unguja, kama Taria Topan, walitoa bidhaa, na pembe zikarudi baada ya miaka. Deni hutolewa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Basi mwandishi ataje alichokiri maiti kuwa anadaiwa, na anachodai, na amana za watu zilizokuwa naye. Kuficha deni kwa kumstahi maiti si kumstahi.

Sala ya ghaibu yajuzu katika madhehebu kwa maiti aliye mji mwingine, hatta ukiwa umepita muda. Na hapa pia siku yahitajiwa: kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa husali yule aliyekuwa mtu wa kupasiwa na sala hiyo siku maiti alipokufa, wala si aliyekuwa mtoto mdogo siku hiyo kisha akabaleghe kabla ya khabari kufika. Taazia ni siku tatu, na kwa aliyekuwa mbali zahesabiwa tangu ilipomfika khabari. Ama kutandika matanga kwa mali ya marehemu ilhali ana watoto wadogo, hiyo ni kula mali ya yatima, hatta wangekuwa wapishi ni jamaa zake.

Khabari za safari ni nyepesi, ila zina mlango huu huu. Mwenye deni iliyofika muda wake hasafiri bila ya ruhusa ya anayemdai. Mwenye mke amwachie chakula na mavazi, au wakili wa kumpa. Na aandike wasia wake nao ukae kwa mtu mwaminifu. Afikapo apeleke waraka: amefika wapi, yuko kwa nani, na atokapo ataelekea wapi. Maneno haya matatu ndiyo yatakayojulisha mahali pa kumtafuta akinyamaza. Na wakati wa kurudi, Mtume amemkataza mtu aliyekuwa mbali kwa muda mrefu kuwagongea watu wake usiku kwa ghafula, ili mke apate kujitengeneza. Misafara iliyokaribia Tabora ilikuwa ikipiga bunduki kabla ya kuingia, watu wakatoka kuipokea. Nayo ilikuwa ada nzuri iliyowafikiana na adabu hii. Leo yatosha kupiga simu stesheni ya nyuma.

Na hii ni namna ya waraka wa msiba, kwa atakaye kuuiga:

"Kwa jamaa zake fulani bin fulani, walioko Pangani. Asalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Ndugu yenu fulani, bin fulani, bin fulani, amefariki Tabora nyumbani kwa fulani, usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nne ya usiku, mwezi 10 Mfunguo Sita, mwaka kadha wa Hijra, na kwa Kizungu tarehe kadha. Walikuwapo alipokufa fulani bin fulani na fulani bin fulani. Amesaliwa na kuzikwa Jumatatu kabla ya adhuhuri. Ameacha huku mke mmoja, fulani binti fulani, naye ana mimba ya miezi mitano, na mtoto mmoja mwanamume, jina lake fulani. Amekiri deni ya fulani, riale kadha, na amana ya fulani, mzigo mmoja. Mali yake imo kwa fulani, imeandikwa yote, haikuguswa. Mwenyezi Mungu amrehemu na akupeni subira. Umeandikwa Jumatano, mwezi 12 Mfunguo Sita. Wachukuzi wake ni fulani na fulani, nao walihudhuria maziko, waulizeni."